Senti za Dharura: Nani Alipe, na kwa Kipimo Gani?



Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi. Anayeubeba ndiye ajuaye uzito wake. Tumeukumbuka usemi huo tulipokuwa tukitafakari jambo ambalo wengi wataliona dogo mno: senti chache anazotozwa mtu nchini Marekani anunuapo muda wa maongezi, ili kugharamia huduma ya simu za dharura. Sisi tunasema kwamba jambo hili si dogo. Ndani yake limo swali linaloikabili kila jamii: tunapochangia kile kinachotufaa sote, mnyonge apimiwe kwa kibaba gani?

Huenda mtauliza, hayo ya Marekani yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wanaishi huko. Wamo Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha wakapelekwa kuanza maisha mapya katika majimbo kama Texas, Kentucky na New York. Pili, sisi wenyewe katika Afrika Mashariki karibu sote hutumia simu kwa kununua vocha. Yanayoamuliwa huko juu ya mtu wa vocha ni mambo tunayopaswa kuyaelewa kabla hayajabisha hodi kwetu.

I. HUDUMA ISIYOLALA

Nchini Marekani, mtu aliyevamiwa na wezi, au ambaye nyumba yake inaungua, au ambaye mkewe ameshikwa na uchungu usiku wa manane, hupiga namba moja tu: 911. Simu ya kwanza ya namba hiyo ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimboni Alabama. Leo chama cha wataalamu wa huduma hiyo, kiitwacho NENA, kinakadiria kwamba simu zipatazo milioni 240 hupigwa kila mwaka, na katika sehemu nyingi simu nane au zaidi katika kila kumi hutoka katika simu za mkononi.

Kituo kinachopokea simu hizo hakifungwi usiku wala sikukuu. Lazima wawepo watu waliofunzwa, wanaolipwa mshahara, wanaoweza kumtuliza mama anayelia huku wakiliita gari la wagonjwa. Lazima iwepo mitambo inayoweza kutambua mahali alipo mpigaji ambaye pengine hawezi kusema, au hajui jina la barabara. Kazi hiyo ya kutambua mahali ilikuwa rahisi wakati simu ilipokuwa imefungwa kwa waya nyumbani mwa mtu. Imekuwa ngumu na ya gharama tangu simu ilipoanza kutembea mfukoni. Mwaka 1996 tume ya mawasiliano ya serikali kuu ya Marekani, FCC, iliziagiza kampuni za simu za mkononi kuviwezesha vituo kupata habari hiyo hatua kwa hatua.

Gharama za huduma hiyo zimebebwa kwa sehemu kubwa na tozo ndogo juu ya kila laini ya simu. Jimbo au kaunti hupanga kiasi, kampuni ya simu hukiandika katika ankara ya kila mwezi, mteja hulipa, kampuni hupeleka fedha kwa wahusika. Kwa miaka mingi utaratibu huo haukuwa na utata, kwa kuwa kila mwenye simu alikuwa na ankara.

II. MTU ASIYE NA ANKARA

Kisha zikaja simu za kulipia kabla. Mnunuzi wa simu ya namna hiyo hana mkataba, haweki amana, wala haulizwi historia ya madeni yake. Hulipa fedha taslimu dukani, hutumia hadi salio likwishe, kisha hununua tena akipata. Wapo wanaoichagua simu hiyo kwa kupenda tu urahisi wake. Lakini kwa wengine haikuwa chaguo. Kibarua asiye na mshahara wa kudumu, mgeni aliyefika nchini majuzi ambaye hajulikani na benki yoyote, mzee mwenye kipato kidogo, wote hao mlango wa mkataba umefungwa mbele yao, na mlango wa vocha ndio uliobaki wazi.

Kwa kuwa mtu huyo hapelekewi ankara, tozo ya dharura haikuwa na mahali pa kuandikwa. Hapo ndipo ulipoanza mvutano. Majimbo yalisema kwamba kampuni ilipe kwa ajili ya wateja wake. Kampuni zikajibu kwamba sheria iliandikwa kwa ajili ya watu wa ankara, na kwamba hazina njia ya kumdai mtu ambaye ameshalipa na kuondoka. Mashauri yakafika mahakamani, na majibu yakatofautiana. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Jimbo la Washington iliamua, katika shauri la kampuni ya TracFone, kwamba tozo ya jimbo hilo iliwahusu pia watumiaji wa simu za kulipia kabla. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Texas, katika shauri la kampuni hiyo hiyo, iliona vingine: sheria ya zamani iliyowekwa kwa malipo ya kila mwezi haikuweza kuvutwa hadi imfikie mtu asiyelipa kwa mwezi.

Wakati mashauri hayo yakiendelea, mabunge ya majimbo mengi yalianza, tangu miaka ya 2009 na 2010, kuchukua njia nyingine: kuitoza ada hiyo dukani, palepale mnunuzi anapolipia muda wa maongezi. Muuza duka huikusanya na kuiwasilisha serikalini. Hiyo ndiyo njia iliyoenea hivi sasa. Swali la kama mtu wa vocha alipe limekwisha kujibiwa. Swali la kama analipa kwa haki bado halijajibiwa, na hilo ndilo tunalotaka kulisemea.

III. KILA MMOJA ACHANGIE

Tuseme wazi kwanza jambo ambalo baadhi ya watetezi wa wanyonge hawapendi kulisikia. Sisi hatuoni kosa mtu wa vocha kuchangia huduma ya dharura. Huduma hiyo haibagui. Kwa kanuni za FCC, kampuni ya simu ya mkononi hutakiwa kuipitisha kila simu ya 911, hata ikiwa imepigwa kwa chombo kisicho na salio wala mkataba wowote. Moto ukiwaka, zimamoto hawaulizi kwanza kama mwenye nyumba analipia simu yake kabla au baada. Kisima ambacho wote huteka maji, wote hawana budi kukifagia.

Tena ipo heshima katika kuchangia. Aliyetoa chake, hata kiwe kidogo, anayo haki ya kusimama na kuuliza: mbona gari lilichelewa? Mbona mpokea simu hakuielewa lugha yangu? Mbona kituo cha mtaa wetu kina watu wachache? Asiyehesabiwa katika kuchangia husahaulika upesi katika kugawa. Kwa hiyo hatumwombei mnyonge msamaha wa kudumu kana kwamba si raia kamili. Tunamwombea kipimo cha haki.

IV. KIPIMO CHA NEW YORK NA KIPIMO CHA TEXAS

Tutazame majimbo mawili. Jimbo la New York lilianza tarehe 1 Desemba 2017 kutoza senti 90 kwa kila mauzo ya muda wa maongezi wa kulipia kabla, na kuruhusu serikali za mitaa kuongeza senti 30. Kiasi ni kile kile, ununue muda mwingi au mchache. Mwenye mkataba, kwa upande wake, hutozwa na jimbo dola 1 na senti 20 kwa mwezi.

Tufanye hesabu kwa tozo ya jimbo peke yake. Mtu mwenye uwezo ananunua muda wa dola 50 kwa mara moja: senti 90 alizotozwa ni chini ya senti 2 katika kila dola. Jirani yake hana dola 50 mkononi. Ananunua muda wa dola 10, na senti zile zile 90 zinakuwa senti 9 katika kila dola. Akinunua hivyo mara nne katika mwezi, atakuwa ametumia dola 40 na kutozwa dola 3 na senti 60. Huyo amelipa mara nne ya yule aliyenunua muda wa dola 40 kwa mkupuo, na mara tatu ya mwenye mkataba. Mtu mmoja, simu moja, mwezi mmoja, kituo kile kile cha dharura. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na fedha zote siku ya kwanza ya mwezi, na mwingine alizipata kwa vipande.

Jimbo la Texas lilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2010 tozo yake kwa simu za kulipia kabla ni asilimia 2 ya bei. Aliyenunua muda wa dola 10 hutozwa senti 20. Akinunua mara nne, senti 80. Aliyenunua wa dola 40 kwa mara moja naye hutozwa senti 80. Hakuna anayeadhibiwa kwa kununua kidogo kidogo. Tena, mwenye mkataba wa simu ya mkononi jimboni humo hutozwa senti 50 kwa mwezi, na asilimia 2 ya dola 25 ni senti 50 hizo hizo. Mizani haijasawazika kabisa, kwa maana anayetumia zaidi ya dola 25 kwa mwezi atalipa kuliko mwenye mkataba, lakini walau inafuata kiasi cha matumizi, haifuati idadi ya safari za mtu kwenda dukani.

Wapo watakaotetea kiwango kimoja kwa wote. Watasema kwamba ni rahisi kwa muuza duka, na kwamba mapato yake hutabirika. Hoja hizo zina ukweli kiasi. Lakini mashine ya duka inayoweza kupiga hesabu ya kodi ya mauzo haiwezi kushindwa na asilimia 2. Na mapato yanayotabirika kwa sababu maskini hana budi kurudi dukani kila wiki si mapato ya kujivunia.

Wengine watasema: ni senti tu, mnazipigia kelele za nini? Tunajibu kwa methali tuliyofundishwa tangu utotoni, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Serikali inayajua hayo. Ndiyo maana inazikusanya. Basi na aliyetolewa haba hizo azihesabu vilevile.

V. FEDHA ZA DHARURA ZIENDE KWENYE DHARURA

Kuna dhuluma ya pili, nayo yawagusa watu wa vocha na wa ankara kwa pamoja. Baadhi ya majimbo yamekuwa yakikusanya fedha kwa jina la dharura, kisha kuzitumia kwa mambo mengine. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 2008 iliitaka FCC kutoa taarifa kila mwaka juu ya makusanyo na matumizi ya tozo hizo. Majimbo ya New York, New Jersey na Rhode Island yametajwa katika taarifa hizo kwa miaka kadhaa kuwa yamepeleka sehemu ya fedha kwenye matumizi yasiyo ya 911.

Hili si suala la vitabu vya hesabu tu. Huko Rhode Island, wananchi walitozwa kila mwezi kwa miaka mingi na sehemu kubwa ya fedha ikaingia katika mfuko mkuu wa jimbo. Wakati huo huo, wapokea simu wa 911 hawakuwa wamefunzwa kumwelekeza mpigaji, kwa simu, namna ya kumbana kifua mtu ambaye moyo wake umesimama hadi gari lifike. Ilibidi kufika mwaka 2019, baada ya vyombo vya habari kulifichua jambo hilo, ndipo sheria ikataka mafunzo hayo yatolewe. Wanaojua utabibu watawaambia kwamba moyo ukisimama, kila dakika ina thamani ya uhai.

Tunaiita hali hiyo kwa jina lake. Kumwambia mtu kwamba fedha yake itamletea gari la wagonjwa, kisha kuitumia kuziba pengo la bajeti, ni kuvunja ahadi. Kama serikali ina upungufu, na iwaambie wananchi hivyo, iwaombe kodi kwa jina la kodi, mbele ya bunge, mchana kweupe. Isijifiche nyuma ya kitanda cha mgonjwa.

VI. SOMO LA NYUMBANI

Tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2013 Bunge la Tanzania lilipitisha kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Bibi wa kijijini anayeitumia laini yake kupokea salamu za wajukuu angelipa sawasawa na mfanyabiashara wa mjini. Wananchi walilalamika, na kodi hiyo ikaondolewa. Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala ya fedha kwa simu, pamoja na tozo ya laini iliyopangwa kufuatana na kiasi cha vocha. Ile ya miamala ilizusha kilio kikubwa hata ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo.

Katika vigango vyetu tunalijua tatizo hili bila kufundishwa na mtu. Tunapojenga zahanati, kamati yenye busara haimwambii mjane atoe mifuko ya saruji sawa na mwenye duka la jumla. Huwapangia wote, kila mmoja kwa uwezo wake, na mjane aliyeleta debe la mchanga huandikwa katika daftari lile lile. Kisha mweka hazina husimama mbele ya watu na kusoma: kimeingia kiasi hiki, kimetoka kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki. Kamati isiyosoma hesabu haipewi mchango wa pili. Tunachokidai kwa mabunge ni kile tunachokidai kwa kamati ya ujenzi.

VII. MSIMAMO WETU

Kwa hiyo tunasema, bila kuficha:

Kwanza, tozo ya huduma ya dharura imguse kila mtumiaji wa simu, wa ankara na wa vocha, kwa maana huduma ni ya wote.

Pili, kwa mtu wa vocha, tozo iwe sehemu ya bei aliyolipa, isiwe kiwango kimoja kwa kila mauzo; tena uwekwe ukomo, ili kwa mwezi mmoja asilipe kuliko mwenye mkataba. Pale ambapo ukomo huo hauwezi kuhesabiwa dukani, asilimia yenyewe ipangwe kuwa ndogo.

Tatu, tozo iandikwe peke yake katika stakabadhi, kwa jina linaloeleweka. Mtu asilipe asichokijua.

Nne, fedha zitengwe, zisichanganywe na mfuko mwingine, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuzisoma.

Kwenu ndugu mlioko Marekani, someni stakabadhi zenu. Mkiwa mmeshika karatasi hiyo, mnayo haki ya kumwuliza mwakilishi wenu katika bunge la jimbo fedha zinakwenda wapi, hata kama bado Kiingereza chenu kina lafudhi ya Uvira au ya Kigoma. Na wafundisheni watoto na wazee kwamba kukosa salio si sababu ya kutopiga 911.

Kwetu tulioko nyumbani, siku itakapoletwa tozo ya vocha kwa jina la gari la wagonjwa au la zimamoto, tusikimbilie kupinga, wala tusikimbilie kupiga makofi. Tuulize maswali mawili tu: mnapima kwa kibaba gani, na kibaba hicho kitamiminwa wapi? Serikali ikiyajibu vizuri yote mawili, tuchangie kwa moyo mweupe. Ikikosa jibu la mojawapo, tusimame na mnyonge hadi jibu lipatikane.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika mtaa wetu, ni nani hununua vocha kidogo kidogo, na kwa nini?

2. Ni michango gani hapa kwetu hutozwa sawa kwa wote? Je, ni haki kuendelea hivyo?

3. Tukipatwa na dharura usiku wa leo, tutapiga namba gani, na ni nani atakayepokea?

4. Ni hatua gani moja ambayo jumuiya yetu inaweza kuichukua ili kujua matumizi ya fedha tunazochangia?